Mmenyuko Toajoto na Mmenyuko Fyonzajoto

Mwanafunzi wa Ankoro, mji wa mkoa wa Tanganyika nchini Kongo ulio pale mto Luvua unapoungana na Lualaba, husoma kemia kwa Kifaransa na hukutana na *exothermique* na *endothermique*. Maneno hayo yaliundwa na mwanakemia Mfaransa Marcellin Berthelot katika karne ya 19 kwa mizizi ya Kigiriki: *exo* ni nje, *endo* ni ndani, *therme* ni joto. Kwa Kiswahili tunasema mmenyuko toajoto na mmenyuko fyonzajoto. Wa kwanza hutoa joto likaenda kwenye mazingira. Wa pili hulifyonza kutoka huko.

Mimenyuko yote miwili huonekana katika jiwe la chokaa. Kabimba, kusini mwa Kalemie kando ya Ziwa Tanganyika, kulijengwa kiwanda cha saruji, na saruji huanza na jiwe hilo. Likifika karibu nyuzi 900 za Selsiasi tanuruni, kalsiamu kabonati iliyo ndani yake huvunjika ikawa kalsiamu oksidi, yaani chokaa iliyochomwa, na gesi ya kaboni dayoksaidi. Kila moli hufyonza kilojuli zipatazo 178, na moto ukizimwa kazi inakwama. Sasa itie maji chokaa hiyo iliyochomwa: itatokota na kufuka mvuke bila kuni yoyote, kila moli ikitoa kilojuli zipatazo 65.

Wengi hukosea wanapoona moto umetumika kuanzisha mmenyuko, wakauita fyonzajoto. Mkaa nao huwashwa, lakini ukishashika huendelea wenyewe na kutoa joto. Huo ni mmenyuko toajoto. Basi usitazame mwanzo peke yake. Fuata joto limeelekea wapi mmenyuko ulipokuwa ukiendelea.

Asiye na maabara atumie kikombe na kipimajoto. Akichanganya siki na bikabonati ya soda, povu litapanda na kipimo kitashuka: fyonzajoto. Chokaa iliyochomwa asiijaribu, maana huunguza ngozi na yaweza kupofusha macho.

Katika hesabu, badiliko la enthalpia, ΔH, huwa hasi kwa toajoto kwa kuwa nishati imeondoka kwenye kemikali zenyewe, na chanya kwa fyonzajoto kwa kuwa imeingia.

Mtihani wa taifa utamwuliza mwanafunzi kwa Kifaransa, na lazima ayajue maneno yake. Walimu wa mkoa wa Tanganyika, mfundisheni kwanza toajoto na fyonzajoto, ndipo mwandike *exothermique* na *endothermique* ubaoni.