Simu ikipotea leo, picha zako zitabaki wapi?

Simu ikiibiwa kwenye daladala, mtu hujipanga akanunua nyingine. Laini inarudishwa, namba za watu zinaombwa upya. Kinachouma ni picha: mtoto alipoanza kutambaa, siku ya mahafali, sura ya mzazi ambaye hayupo tena. Hizo haziuzwi dukani.

Watu wengi wana maelfu ya picha na wanaamini wamezihifadhi kwa sababu wanaziona kila wakifungua simu. Ukweli ni kwamba picha iliyopo sehemu moja tu bado haijahifadhiwa, hata kama simu yenyewe ni ya bei mbaya.

Haya ni mambo ya msingi ya kufahamu kuhusu kutunza picha zako, kuzipanga na kuwatumia wengine.

Kanuni ya 3-2-1

Wapiga picha wa kazi wana kanuni moja rahisi, iliyopata umaarufu kupitia mpiga picha wa Marekani Peter Krogh. Kila picha iwe na nakala 3, zikae kwenye vifaa vya aina 2 tofauti, na nakala 1 iwe mbali na ulipo.

Kwa mtumiaji wa kawaida hesabu inakuwa hivi: simu ni nakala ya kwanza, flashi au kompyuta ni ya pili, na hifadhi ya mtandaoni ni ya tatu. Nyumba ikiungua au maji yakiingia ndani, ya mtandaoni inabaki. Akaunti ikifungwa, ya kwenye flashi inabaki.

Memori kadi iliyo ndani ya simu usiihesabu. Mwizi akiondoka na simu, anaondoka nayo.

Hifadhi ya bure ina mwisho

Google Photos ilipoanza Mei 2015 iliruhusu watu kupakia picha bila kikomo, mradi wakubali zipunguzwe ubora kidogo. Utaratibu huo ulikoma Juni 1, 2021. Sasa kila akaunti ya Google inapewa GB 15 za bure, na nafasi hiyo inagawanywa kati ya picha, barua pepe za Gmail, mafaili ya Drive na nakala za WhatsApp kwa watumiaji wa Android. Apple wao wanatoa GB 5 kupitia iCloud.

GB 15 ni nyingi kiasi gani? Kama picha moja ina MB 3, hizo ni picha kama 5,000. Shida ni video. Dakika moja ya video ya HD kamili inaweza kuchukua MB 60 hadi 130 kutegemea simu na mipangilio yake. Video 100 za namna hiyo peke yake ni GB 6 hadi 13.

Nafasi ikijaa, picha mpya zinaacha kupanda mtandaoni. Kwa Google, hata barua pepe haziingii tena. Mtu anaweza kukaa miezi akidhani kila kitu kinaenda sawa, kumbe nakala ya mwisho ilipanda mwaka jana. Fungua programu yako ya picha, bonyeza alama ya wasifu wako juu, na uangalie kama kuhifadhi nakala kumewashwa na kama nafasi ipo.

Kuhusu bando: picha 1,000 za MB 3 ni GB 3 za kupakia. Ndani ya mipangilio, chagua picha zipande kwa Wi-Fi tu. Kama nyumbani hakuna Wi-Fi, tumia ya ofisini au chuoni unaporuhusiwa, au bando la usiku kama mtandao wako unalo.

Mtego wa kufuta

Hapa ndipo wengi wanapoumia. Simu imejaa, mtu anafungua Google Photos na kufuta picha akijua mtandaoni zipo. Lakini programu hiyo inasawazisha simu na akaunti: ukifuta ndani yake, picha inafutwa sehemu zote mbili. iPhone yenye iCloud Photos inafanya vivyo hivyo.

Habari njema ni kwamba haiondoki papo hapo. Kwenye Google Photos, picha iliyokuwa na nakala mtandaoni hukaa kwenye tupio siku 60, na isiyokuwa na nakala siku 30. Kwenye iPhone hukaa siku 30. Baada ya hapo ndiyo basi.

Kama lengo ni kupata nafasi kwenye simu, Google Photos ina kitufe maalumu kinachoondoa kwenye simu zile tu ambazo tayari zimepanda mtandaoni. Tumia hicho. Kwa iPhone, kuna chaguo la kubakiza picha ndogo kwenye simu huku ile kamili ikikaa iCloud.

Akaunti ni ya nani?

Hili linapuuzwa sana. Wapo waliofunguliwa Gmail na muuza simu siku ya kununua, na mpaka leo hawajui nywila yake. Picha zinapanda vizuri, lakini siku simu ikipotea hakuna wa kuifungua akaunti hiyo kwenye simu nyingine.

Angalia leo ni akaunti ipi inayotumika. Badilisha nywila uijue mwenyewe, iandike kwenye daftari linalokaa nyumbani, na hakikisha namba ya simu ya kurejesha akaunti ni laini unayotumia sasa, siyo ile uliyoiacha zamani.

Google pia ina utaratibu wa kufuta akaunti binafsi ambazo hazijatumika kwa miaka 2. Na kama unawaza nini kitatokea ukifariki, Google inakuruhusu kuteua watu watakaopata data zako akaunti ikikaa kimya kwa muda utakaoweka. Apple nayo, tangu Desemba 2021, inakuruhusu kuteua mrithi wa akaunti.

Usiweke mayai yote kwa kampuni moja

Kampuni kubwa nazo hupoteza au hubadilisha mambo. Machi 2019 ilijulikana kuwa MySpace imepoteza picha, video na muziki uliopakiwa zaidi ya miaka 3 nyuma, baada ya zoezi la kuhamisha data kwenda vibaya. Flickr nayo ilitangaza mwaka 2018 kuwa akaunti za bure zitaishia picha na video 1,000.

Ndiyo maana flashi au diski ya nje bado ina kazi. Simu nyingi za Android zinakubali flashi kwa waya mdogo wa OTG, hivyo kompyuta si lazima. Google pia ina huduma ya Takeout inayokuwezesha kupakua picha zako zote kwa pamoja.

Tahadhari: sokoni zimejaa flashi na kadi feki zinazoonyesha GB nyingi kuliko zilizonazo. Mafaili yanaonekana yameingia, ukifungua hayafunguki. Ukishahamisha, fungua picha kadhaa za mwanzo, za katikati na za mwisho kabla ya kufuta chochote. Na usiiache flashi droo moja kwa miaka mingi bila kuijaribu, nazo hufa.

Kupanga bila kujitesa

Huhitaji albamu 50. Programu nyingi za picha zinapanga kwa tarehe zenyewe. Kazi yako ni kupunguza takataka na kuyapa majina matukio makubwa.

Anza na skrinshoti: miamala, tangazo la kazi, ratiba ya basi. Nyingi hazina kazi baada ya wiki moja. Kisha picha zilizojirudia. Ukipiga selfi 12 za pozi moja, baki na 2.

Kwa yanayobaki, fungua folda kwa mtindo wa mwaka, mwezi na tukio, mfano "2024-12 Harusi ya Dada". Mwaka ukitangulia, kompyuta inazipanga kwa mfuatano sahihi yenyewe.

WhatsApp si ghala la picha

"Zipo kwenye grupu la familia" ni jibu la kawaida, lakini lina matatizo mawili.

Kwanza ni ubora. WhatsApp hubana picha ili isafiri haraka. Chaguo la HD, lililoletwa Agosti 2023, linasaidia, lakini bado picha inabanwa. Ukitaka ifike ilivyo, itume kama hati, siyo kama picha. Hilo ni muhimu hasa kama inakwenda kuchapishwa.

Pili ni taarifa. Kila picha ya simu hubeba ndani yake tarehe, aina ya simu na mara nyingine mahali ilipopigwa. WhatsApp huziondoa. Kwenye Android, jina kama IMG-20240312-WA0005 linakuambia kuwa picha ilipita WhatsApp Machi 12, 2024, si lazima ilipigwa siku hiyo. Picha ya harusi ya babu ya miaka ya 1980 ikirushwa leo kwenye grupu, simu itaipanga kama ya leo. Kwenye Google Photos unaweza kurekebisha tarehe na kuandika maelezo. Fanya hivyo ungali unakumbuka.

Picha za karatasi

Familia nyingi bado zina albamu za picha za studio zinazoliwa na unyevu na mchwa. Programu ya PhotoScan ya Google, iliyotoka Novemba 2016, ni ya bure. Inapiga picha hiyo mara kadhaa kutoka pembe tofauti ili kuondoa mng'ao wa taa.

Lakini cha haraka zaidi ni majina. Picha isiyo na majina, baada ya kizazi kimoja inakuwa picha ya watu wasiojulikana. Kaa na bibi au mjomba, mwoneshe picha moja moja, uliza "huyu nani, hapa wapi, mwaka gani?" na umrekodi sauti. Mashine inaweza kusafisha picha iliyochakaa. Jina la aliyesimama kushoto analijua bibi peke yake.

Kabla hujatuma

Linki ya albamu ya mtandaoni ni nzuri kwa harusi au msiba, kwa sababu kila mtu anachukua picha zenye ubora wake. Ila kumbuka linki ya kawaida humfungulia yeyote atakayeipata, na ikiingia grupu la watu 200 hujui itaishia wapi. Tukio likipita, izime.

Angalia pia mahali. Picha ikitumwa kama hati, taarifa za eneo huenda nayo. Picha ya mtoto uani inaweza kumwonyesha mgeni nyumba ilipo. Ukiona haifai, zima eneo kwenye mipangilio ya kamera.

Na kuna ridhaa. Kwa mwenye duka, saluni, shule au ukurasa wa biashara, sheria inahusika. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Septemba 2023 mamlaka yake iliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kuweka hadharani picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Kwa picha za nyumbani, kuuliza "naweza kuiposti?" ni heshima ya kawaida, hasa kwa mgonjwa, mfiwa au mtoto wa mwenzio.

Simu inapokwenda kwa fundi au kuuzwa

Fundi anapoomba nywila ya simu, ameomba pia picha zako. Hifadhi nakala kwanza, kisha zile za siri ziondoe au ziweke kwenye folda iliyofungwa. Google Photos inayo, na iPhone tangu iOS 16 inafunga albamu ya picha zilizofichwa. Kwa Google, hakikisha folda hiyo imewashiwa kuhifadhi nakala. Isipowashwa, picha hizo zipo kwenye simu hiyo tu.

Ukiuza, toa akaunti zako, halafu irudishe simu kama ilivyotoka kiwandani. Lakini hakiki nakala kabla ya hapo. Kwenye iPhone na simu za Android za miaka ya karibuni, data hufungwa kwa usimbaji. Zikishafutwa kwa njia hiyo, usitegemee fundi kuzirudisha.

Nusu saa kwa mwezi

Chagua siku moja, mfano Jumapili ya mwisho wa mwezi:

- Futa skrinshoti na picha zilizojirudia.
- Angalia tarehe ya picha ya mwisho iliyopanda mtandaoni.
- Hamishia za mwezi huo kwenye flashi, ufungue chache kuhakikisha.
- Andika majina kwenye picha 5 muhimu.
- Ingia kwenye akaunti yako kupitia simu ya mtu wako wa karibu, uone kama nywila unaikumbuka, kisha utoke.

Hatua ya mwisho ndiyo kipimo. Kama umeziona picha zako bila kutumia simu yako, basi zimehifadhiwa.