Roboti wa Bati na Asili ya Jina Lake

Miongoni mwa vitu vya kuchezea vya karne ya 20, vichache vinatafutwa na wakusanyaji kwa hamu kama roboti wa bati wa kutiwa ufunguo. Kamani iliyo tumboni mwake hukazwa, kisha hujilegeza polepole ikizungusha magurudumu yenye meno, na miguu ikapiga hatua. Wakusanyaji huulizia rangi, sanduku na ufunguo. Ni nadra kuulizia bati lenyewe, wala jina.

Bati lina habari inayofika karibu na Nyunzu. Huko Manono, upande wa kusini, kampuni ya Kibelgiji ya Géomines ilichimba madini hayo kwa miaka mingi. Wajapani walipoiteka Malaya mapema mwaka 1942, Marekani na Uingereza zilipoteza machimbo makubwa, na bati la Kongo likapanda thamani. Mwaka uo huo serikali ya kikoloni iliongeza siku za kazi ya lazima vijijini kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka.

Kazi ya namna hiyo huitwa shokoa katika Kiswahili. Wacheki waliiita robota, yaani siku ambazo mkulima alimtumikia mwenye ardhi bila ujira. Kutokana na neno hilo Karel Čapek, kwa shauri la nduguye Josef, aliwapa jina viumbe wa tamthilia yake R.U.R. ya mwaka 1920. Viumbe hao, kinyume cha wengi wanavyodhani, hawakuwa wa chuma. Walifanana na binadamu, wakafanyishwa kazi, wakaasi.

Umbo la bati lilienea baada ya vita, hasa kutoka Japani. Mwaka 1945, mjini Otsu, fundi Kosuge Matsuzo aliunda kigari cha jeep kwa mikebe mitupu iliyotupwa na askari wa Marekani. Watoto wa Tanganyika wanaokata mikebe wapate magari wangemwelewa mara moja, ingawa magari yao hayana kamani. Husukumwa kwa kijiti. Katika miaka iliyofuata viwanda vya Kijapani viliuza roboti ng'ambo kwa wingi.

Kiswahili kimepokea neno roboti kwa sauti tu, mzizi wake ukaachwa njiani. Lau lingefasiriwa kwa maana, kidude hicho kingeitwa mtu wa shokoa, na mzee wa Nyunzu aliyeziishi zile siku 120 asingehitaji kamusi.