Datsun ya Tudor na banda linalovunjwa

Wiki hii linang'olewa bati la mwisho la banda lililo nyuma ya nyumba ya mjomba wangu, Tudor, kisiwani Mombasa. Kiwanja kimeuzwa, kwa kuwa warithi ni wengi na kila mmoja anataka chake. Patapanda ghorofa, kama zilivyopanda kushoto na kulia. Ndani ya banda hilo, juu ya magogo manne, pana Datsun 240Z ya mwaka 1972 ambayo Mjomba ameifungua na kuifunga kwa karibu miaka 40. Nimeona niiandike historia yake kabla uwanja haujachimbwa msingi.

Walionisimulia haya ni wawili, Mjomba mwenyewe na rafiki yake, fundi wa bodi mwenye asili ya mtaa wa Kuze. Huyo ndiye aliyekata na kuchomelea kila kipande cha chuma kilichooza katika gari hilo. Msomaji atakayeona nimeegemea upande wao hatakosea. Nimekulia ndani ya banda lile, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kushika tochi.

Mombasa ilizoea magari ya kutengenezwa uani kabla ya injini kufika. Tangu miaka ya 1890 hadi mapema miaka ya 1920 kisiwa hiki kilikuwa na vijigari vya abiria vilivyopita juu ya reli nyembamba, vikisukumwa kwa mikono. Wakubwa walikuwa na vyao, na njia ya reli iliingia hadi milangoni mwa nyumba zao. Magurudumu yalichakaa na vipini vililegea, kwa hiyo mafundi wa kuvitengeneza walikuwepo. Motokaa zilipokuja, Mji wa Kale haukuwa na pa kuziweka. Ukitoka Ndia Kuu ukaingia vichochoroni, mkokoteni wenyewe hupita kwa kuombwa nafasi, na baraza za nyumba zimekwisha kula nusu ya njia. Ndiyo maana mwenye gari la kulipenda alilipeleka kwenye uwanja wa jamaa yake nje ya mji huo, huko Tudor, Ganjoni, Kizingo au Makupa. Mwarobaini ulitoa kivuli, bati kuukuu likawa paa. Gereji ya nyumbani ya Mombasa ilizaliwa hivyo, nayo haikuwa na kibao wala leseni.

Magari mengi yaliyopita katika nyua hizo yalikuwa ya kazi, kama Peugeot 404, baadaye 504, na Volkswagen za kila umri. Datsun Z ni habari nyingine. Nissan, mtengenezaji wa Datsun, iliitoa Japani mwishoni mwa mwaka 1969 kwa jina la Fairlady Z. Ilikuwa gari la watu wawili lenye boneti ndefu, na chini ya boneti injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, yenye ujazo wa lita 2.4 katika 240Z, na kabureta mbili. Kwa Wamarekani lilikuwa gari la kutembelea ufukweni kwa bei nafuu. Kwetu lilipata heshima yake katika vumbi na tope.

Heshima hiyo ilitoka katika mbio za magari za Safari, zilizoanza mwaka 1953 kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia wa Uingereza, zikazunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1970 Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa akiishi Kenya, alishinda kwa Datsun 1600 SSS. Mwaka uliofuata akashinda tena, safari hii kwa 240Z, na wa pili akawa kijana wa Uganda, Shekhar Mehta, naye akiwa katika 240Z. Mwaka 1972 Ford Escort ya Hannu Mikkola ikavunja utawala huo. Mjomba huyapita hayo yote kwa sentensi moja. Anachotaka kukisimulia ni Pasaka ya 1973.

Mwaka huo Safari iliingia kwa mara ya kwanza katika mashindano mapya ya ubingwa wa dunia. Mehta alikuwa ametoka Uganda mwaka uliotangulia, Idi Amin alipowafukuza Waasia, na sasa alikuwa akiishi Kenya. Msoma ramani wake alikuwa Lofty Drews. Hesabu ya Safari ni rahisi kuieleza: kila dakika utakayochelewa kufika kituoni ni alama moja ya adhabu, na mwenye alama chache ndiye mshindi. Baada ya kilomita 5,000 na ushei, siku na usiku, mito iliyofurika na mashimo yanayomeza gurudumu zima, karatasi zilijumlishwa. Mehta katika 240Z na Msweden Harry Källström katika Datsun 1800 SSS walikuwa na alama sawasawa, bila tofauti ya hata moja.

Ushindi alipewa Mehta, kwa kuwa ndiye aliyekwenda mbali zaidi tangu mwanzo kabla ya kupata alama ya adhabu. Hiyo ndiyo kanuni iliyotumika, nayo iliandikwa kabla injini hazijawashwa. Lakini katika banda la Tudor neno hilo halijakubalika hadi leo. Fundi wa Kuze hushikilia kwamba mbio ni mwisho wake, na kwamba mtu aliyemfikia mwenzake baada ya kuachwa ndiye aliyekuwa na nguvu zaidi. Mjomba humjibu kwamba anayeanza safi ndiye aliyelitunza gari, na kutunza gari ndiyo Safari yenyewe. Nimewasikia wakibishana kwa ukali juu ya meza ya kahawa chungu, mikono imejaa grisi, kama kwamba matokeo yangetangazwa jioni ile. Mwaka mmoja hawakusemezana tangu Ijumaa Kuu hadi Jumatatu. Kilichowapatanisha ni gasketi ya kichwa cha injini, ambayo mtu mmoja hawezi kuifunga peke yake.

Mimi niko upande wa Mjomba. Källström alikuwa dereva hodari na hakuna anayemvunjia heshima. Lakini gari refu la michezo, lenye tumbo la chini, kupita njia zile bila kuchelewa kwa muda mrefu kuliko wote, ni kazi ya mtu anayejua chuma kinachovumilia na kisichovumilia. Mehta alikuja kushinda mara nyingine nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982, zote kwa magari ya kampuni ileile.

Fundi naye ana shujaa wake, na hapo wote wawili huafikiana. Ni Joginder Singh wa Kericho, fundi makanika kabla hajawa dereva. Mwaka 1965, akiwa na ndugu yake Jaswant, alishinda Safari kwa Volvo PV544 ambayo timu ya kiwanda ilikuwa imeshaitumia mwaka uliotangulia. Wageni walikwenda zao, gari likabaki na majeraha yake, wenyeji wakalitengeneza na kuwashinda walioleta mapya. Mjomba aliponunua Datsun yake, ikiwa haiwaki na panya wamezaa ndani ya kiti, alijiambia kwamba kama Joginder aliweza, na yeye ataweza.

Adui wa gari Mombasa ni chumvi. Datsun Z haina chasisi ya kujitegemea, bodi ndiyo chasisi, na bati lake ni jembamba. Kutu huanzia chini ya betri, ikashuka hadi sakafu ya miguuni, kisha ikatokea nyuma ya magurudumu ya nyuma ambako tope la zamani hulala. Wakati wa kusi upepo huleta unyevu wa bahari hadi ndani ya banda. Kosa kubwa, ambalo Mjomba alilifanya mwanzoni na bado analijutia, ni kuosha gari kwa maji ya kisima. Visima vya kisiwa hiki ni vya chumvichumvi. Unaona gari limeng'aa, kumbe umelipaka sumu. Maji matamu hutoka mbali, mengine Mzima, huko Tsavo, kwa bomba lililojengwa miaka ya 1950, na bomba likikauka tunanunua madumu kwa wasukuma mikokoteni. Mjomba alikuwa akinunua madumu mawili ya ziada kwa ajili ya Datsun, jambo ambalo shangazi hakulisamehe upesi.

Kwa hiyo sakafu ilikatwa yote. Fundi alipima kwa karatasi za maboksi, akakata bati jipya, akalikunja kwa nyundo juu ya kipande cha reli, akachomelea kidogo kidogo ili joto lisilipinde. Hakutaka kusikia habari ya kuziba kwa pati. Kutu ukiifunika kwa pati, husema, umeipa blanketi. Tumbo lote la gari likapakwa oili chafu, dawa ya zamani ya mafundi wa Pwani, inayonuka vibaya na kufaa sana.

Injini ilikuwa sehemu ya Mjomba. Nafasi za vali alizipima ikiwa baridi, milimita 0.20 upande wa kuingiza na 0.25 upande wa kutolea, akizungusha krenki kwa spana na kuhesabu kwa sauti mpangilio wa moto: moja, tano, tatu, sita, mbili, nne. Niliujua mpangilio huo kabla ya jedwali la mara saba. Baada ya hapo zikafuata kabureta, ambazo lazima zivute hewa kwa kiasi kimoja. Ikizidi moja, silinda tatu zinafanya kazi na tatu zinabebwa. Kipo kifaa cha kupimia, lakini yeye alitumia kipande cha mpira wa maji, ncha moja mdomoni mwa kabureta, nyingine sikioni. Aligeuza skrubu robo, akahamia ya pili, akarudi, hadi miluzi ikafanana.

"Funga macho, mwanangu," aliniambia mara ya kwanza aliponipa mpira ule. "Hapa hakuna cha kutazama."

Spea zilitoka popote. Kabla ya mwaka 1993 kuingiza bidhaa nchini kulihitaji vibali, na pesa za kigeni zilikuwa shida. Gasketi moja ilikuja ndani ya sanduku la jamaa kutoka Muscat, imefungwa katikati ya kanzu mbili. Pampu ya maji ilitoka kwa mtu aliyevunja 260Z. Soko lilipofunguliwa, magari yaliyotumika Japani yakajaa bandarini Kilindini, yakaja na spea zao, ambazo hazikufaa Datsun ya 1972. Yaliyofuata hayana mengi ya kusimulia. Gari lilitembea, likasimama, likatembea tena.

Huko nje thamani ilipanda. Januari 2020 240Z moja ya 1971 iliuzwa mnadani Marekani kwa dola 310,000. Ile aliyoshindia Herrmann imehifadhiwa Japani na Nissan, na wafanyakazi wa kampuni waliifufua hata ikatembea tena. Kila inapofanyika Safari ya magari ya kale, iliyoanza mwaka 2003, tunaona wageni wakishuka na magari ya miaka ileile, mafundi wakiwa nyuma yao kwa malori. Mwaka 2011 Björn Waldegård alishinda kwa Porsche 911 akiwa na miaka 68. Tunasimama kando ya barabara tukawapigia makofi, nami pia hupiga. Lakini yananiuma, kwa sababu ujuzi wa kuyafanya magari hayo yaishi tunao hapa, na tunauacha uende na mabati ya mabanda. Mji wa Kale ulitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1990, na hilo ni jema. Mlango wa nakshi una sheria ya kuulinda. Uwanja wenye mwarobaini ambamo vijana wanne wa mtaa walijifunza ufundi bure, wawili kati yao sasa wakiwa na gereji zao Changamwe, haulindwi na karatasi yoyote. Kaunti ingeweza angalau kuwatengea mafundi wa magari ya kale sehemu yenye paa. Wakfu uwezao kununua nyumba uweze na kununua uwanja.

Jana asubuhi nilikwenda kusaidia. Spana zilikuwa zimepangwa kwenye karai, kabureta zimefungwa kwa kitambaa kama mayai, na kitabu cha matengenezo, chenye alama za vidole vya mafuta kila ukurasa, kimewekwa juu ya kiti cha dereva. Betri ilikuwa imekufa na breki za nyuma zimeshika, kwa hiyo fundi wa Kuze alilala chini akazilegeza, huku akimkumbusha Mjomba kwamba Källström alikuwa akimkaribia. Mjomba hakumjibu. Aliingia, akashika usukani, akashusha kioo. Wasukuma mikokoteni sita waliokuja na maji waliacha madumu yao langoni, wakaweka mikono juu ya buti, na gari likatoka uani likielekea kwa binamu yangu Makupa, likisukumwa taratibu upande wa kivuli.