Thamani ya Fedha: Mkaguzi Anauliza Nini?

Dalali wa viazi pale sokoni Mwanjelwa, jijini Mbeya, hafichi kwamba anaweka cha juu. Mkulima wa Uyole ametaja bei yake, mnunuzi wa Dar es Salaam ametaja yake, na kinachobaki katikati ndiyo riziki ya dalali. Kikizidi, mnunuzi anahamia kwa dalali mwingine. Halmashauri inaponunua saruji au kujenga zahanati, mlipakodi hayupo mezani na hana pa kuhamia. Anayeulizia kwa niaba yake ni mkaguzi, na swali lake linaitwa thamani ya fedha.

Istilahi hii haimo tena ofisini tu. Kiongozi wa mbio za Mwenge akikataa kuzindua mradi, sababu anayotoa mara nyingi ndiyo hiyo: thamani ya fedha haionekani. Kasoro yake ni kwamba Benki Kuu nayo huzungumzia thamani ya fedha, ikimaanisha nguvu ya shilingi. Wengine huongeza “halisi”, nyongeza inayopendeza masikioni bila kuondoa utata. Mimi ningependelea “thamani kwa fedha”, kwa sababu hiyo “kwa” inatukumbusha kuwa kuna kubadilishana: tumetoa hiki, tumepata nini?

Ndani yake mna maswali matatu. Je, tumenunua kwa bei halali? Je, tulichonunua kimetumika bila kupotea? Je, kimemfaa aliyekusudiwa? Hati safi haijibu maswali haya. Inasema tu kwamba hesabu zimeandikwa inavyotakiwa, na cha juu kilichopangwa vizuri huwa na risiti zote. Ndiyo maana Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya 2008 inamruhusu Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) kukagua pia ufanisi, mbali na vitabu.

Soko la Mwanjelwa ni mfano mzuri. Liliungua mwaka 2006, halmashauri ikakopa benki ili kujenga jipya la kisasa. Jengo lilipokamilika, wafanyabiashara wakalalamikia kodi, na mwaka 2017 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaagiza CAG akague gharama za ujenzi. Agizo la ukaguzi si hukumu, na sina nia ya kumnyooshea mtu kidole. Ninachotaka kuonesha ni njia ambayo gharama hupita. Soko la mkopo likijengwa kwa bei iliyotuna, mkopo hutuna, riba hutuna, na halmashauri hutafuta fidia kwenye kodi ya kizimba. Mama muuza nyanya atalipa cha juu cha mtu asiyemjua, au atarudi kupanga nyanya zake barabarani.

Hata hivyo, ukaguzi huu una upofu mmoja. Unapima kilichonunuliwa, na kukigusa kile ambacho hakikununuliwa ni kazi ngumu zaidi. Mwaka 1997 Vito Tanzi na Hamid Davoodi wa Shirika la Fedha la Kimataifa waliona kuwa penye rushwa nyingi matumizi ya ujenzi huelekea kupanda, huku fedha za matengenezo zikipungua. Mwaka uliofuata Paolo Mauro akaonesha kuwa rushwa huenda sambamba na matumizi madogo kwenye elimu. Si ajabu. Mkataba mmoja mkubwa wa jengo una pa kuchomeka asilimia. Mshahara wa mwalimu, wenye kiwango kinachojulikana na unaolipwa moja kwa moja benki, hauna nafasi hiyo, labda mwalimu mwenyewe awe hewa.

Basi jengo jipya laweza kuwa na nondo za kutosha, bei ya haki na milango inayofunga, likafaulu maswali yote matatu, na bado likawa limechaguliwa kwa sababu lina zabuni, wakati kijiji kiliomba kalavati. Hilo halionekani kwenye risiti. Likionekana, ni kwenye mihtasari ya vikao: mkutano wa kijiji ulipendekeza nini, na ni katika kikao kipi kipaumbele kilibadilika.