Umeya wa Dar es Salaam tangu 1949

Cheo cha meya kiliingia Dar es Salaam mwaka 1949, mji ulipopandishwa hadhi kuwa manispaa, yaani mamlaka ya mji yenye baraza lake, bajeti yake na haki ya kutunga sheria ndogo. Kabla ya hapo mji ulikuwa umepita mikononi mwa watawala wengi bila kuwa na chombo chochote cha wakazi wake: Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianza kuujenga katika miaka ya 1860, Wajerumani wakaufanya makao makuu ya koloni lao mwaka 1891, na Waingereza wakauweka tangu 1920 chini ya sheria ya miji iliyoacha mambo yake kwa maofisa wa serikali. Waafrika walitawaliwa kwa mlango wa pembeni, kupitia liwali, ambaye ni ofisa mwenyeji aliyeteuliwa na serikali kuamua kesi zao na kuwafikishia amri. Utengano huo ulionekana hata ardhini, kwani Uzunguni, Uhindini na Uswahilini hazikupata maji, barabara wala taa za kiwango kimoja, na kuundwa kwa manispaa hakukuufuta.

Miongoni mwa mameya wa miaka ya 1950 alikuwamo Abdulkarim Karimjee, mtu wa ukoo wa wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi uliostawi Zanzibar na Tanganyika, ambaye pia alikuwa Spika wa Baraza la Kutunga Sheria. Ukoo huo uliupa mji ukumbi unaobeba jina lake hadi leo, na humo Bunge lilikutana kwa miaka mingi kabla ya kuhamia Dodoma. Meya wa kwanza Mwafrika alipatikana mwaka 1960, naye ni Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, ambaye wasomaji wengi humjua zaidi kwa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi kuliko kwa umeya wake. Umeya wenyewe haukudumu, kwa kuwa serikali changa ilimhitaji kwingine, na alipofariki mwaka 1964 alikuwa waziri. Hadhi ya jiji ilikuja pamoja na uhuru, Desemba 1961.

Hapa inafaa kueleza meya ni nani katika mfumo wa Tanzania, maana cheo hiki hudhaniwa kuwa kikubwa kuliko kilivyo. Meya hapigiwi kura na wananchi moja kwa moja. Huchaguliwa na madiwani, ambao ni wawakilishi wa kata, kutoka miongoni mwao, naye huongoza vikao vya baraza na kuvaa joho na mkufu siku za shughuli rasmi. Utendaji wa kila siku, pamoja na fedha na watumishi, uko chini ya mkurugenzi, ambaye ni mteule wa Rais, na juu yao wote yupo waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa. Kwa hiyo anayetaka kuielewa historia ya mameya hawa hana budi kuifuatilia serikali kuu zaidi ya uchaguzi wa madiwani.

Ushahidi wa kwanza ni mpango wa Madaraka Mikoani wa mwaka 1972, uliokusudiwa kusogeza maamuzi karibu na wananchi lakini ukafanya hivyo kwa kuzifuta halmashauri na kukabidhi kazi zao kwa maofisa wa mikoa na wilaya. Dar es Salaam ilibaki bila meya wala baraza, ikagawanywa katika wilaya za Ilala, Kinondoni na Temeke, na huduma za kimji, ambazo haziwezi kusubiri mpango wa mwaka kutoka mkoani, ndizo zilizoumia kwanza: takataka zilirundikana, mifereji ikaziba, na ugonjwa wa kipindupindu ulioizukia nchi mwishoni mwa muongo huo ukaonyesha wazi kilichokuwa kimepotea. Mwaka 1978 sheria ya mpito ilizirudisha halmashauri za miji, kisha Sheria Namba 8 ya mwaka 1982 ikaziwekea msingi wa kudumu, na Rais Julius Nyerere mwenyewe alikiri baadaye kwamba kuzifuta lilikuwa kosa.

Kurudi kwa baraza hakukuleta uwezo wa kuliendesha jiji. Mwaka 1996 serikali ililivunja na kuweka Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja, ambayo ilishika hatamu hadi 2000, ikawashirikisha wazabuni binafsi katika uzoaji taka na kubomoa vibanda vya biashara kando ya barabara. Wengi waliisifu Tume hiyo kwa usafi, na sifa hizo ni za haki. Hata hivyo ilikuwa ni miaka minne ambayo mkazi hakuwa na diwani wa kumlalamikia. Baada yake kukawa na manispaa tatu na juu yake Halmashauri ya Jiji, iliyobakiwa na shughuli za pamoja kama dampo la Pugu na kituo cha mabasi cha Ubungo, na meya wake, kuanzia Kleist Sykes, Adam Kimbisa hadi Didas Massaburi, alilazimika kuratibu manispaa zilizokuwa na mameya wao.

Uchaguzi wa 2015 uliwapa wapinzani wingi wa madiwani, na uchaguzi wa meya ukaahirishwa mara kadhaa hadi Machi 2016, alipopatikana Isaya Mwita wa Chadema; Januari 2020 aliondolewa kwa kura ya kutokuwa na imani iliyozua ubishi juu ya akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotakiwa ili kikao kiwe halali. Februari 2021 Rais John Magufuli aliivunja Halmashauri ya Jiji, na manispaa ya Ilala ikapandishwa kuwa jiji. Mara zote tatu, 1972, 1996 na 2021, baraza liliondoka kwa uamuzi wa serikali kuu, si kwa kura ya wakazi. Katika sensa ya 2022 mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu takribani 5,380,000, na Ilala takribani 1,650,000. Waliosalia, wa Kinondoni, Temeke na manispaa mpya za Ubungo na Kigamboni, hawamo katika eneo la Meya wa Jiji la Dar es Salaam.