Mafia Sio Papa Potwe Tu: Stori ya Miji Mitatu Iliyokufa Visiwani

Wadau, tuanze na jina maana najua mshaanza kucheka. Hapana, Mafia haina uhusiano wowote na wale jamaa wa Italia wenye suti na bastola. Kisiwa chetu kiliitwa hivyo karne nyingi kabla ya filamu hizo, na mabaharia wa zamani walikijua vizuri tu.

Siku hizi ukitaja Mafia watu wanawaza kitu kimoja: papa potwe. Sawa, kiukweli yule samaki ni noma. Anaweza kufika mita 12, ana madoa meupe mgongoni, na hana habari na nyama yako, anakula vijidudu vya baharini. Kuanzia Oktoba mpaka karibu Machi anasogea pale Kilindoni, watu wanaruka majini, picha zinapostiwa, safari imeisha. Jumatatu mtu yuko kazini Dar, anasema "Mafia nimeimaliza".

Hujaimaliza. Hujaianza hata.

Kwanza Mafia sio kisiwa kimoja. Kuna kile kikubwa, halafu kuna Juani, Chole, Jibondo, Bwejuu na vingine vidogo, vyote vikitazamana na mdomo wa mto Rufiji. Ukienda kwa ndege kutoka Dar ni kama nusu saa tu. Ukienda kwa boti kutoka Nyamisati, jiandae, bahari ina mood zake.

Kisimani: mji unaoliwa

Mji wa zamani unaosifika zaidi ulikuwa Kisimani, kwenye rasi ya upande wa magharibi. Enzi Kilwa inatamba kwa biashara ya dhahabu na pembe, Mafia ilikuwa chini yake. Masimulizi ya kale ya Kilwa yanasema mwanzilishi wa ule utawala alimweka mwanawe aongoze Mafia. Na sio maneno matupu, kwa sababu sarafu za masultani wa Kilwa zimeokotwa hapo. Yaani watu wetu walikuwa na hela yao yenye majina ya watawala wao, miaka mia kadhaa kabla Mreno hajafika pwani hii.

Leo ukienda Kisimani utakuta mchanga, minazi na mabaki machache. Bahari imekula mji kidogo kidogo na bado inaendelea kula.

Kua: harusi isiyoisha

Ng'ambo, kisiwani Juani, ndiko iliko Kua. Ulishamiri hasa karne ya 18: nyumba za mawe za ghorofa, misikiti, makaburi. Sasa mizizi ya miti imekumbatia kuta, na kufika kwenyewe lazima uwasikilize wenye mashua, maana maji yakitoka hupiti.

Wazee wana stori yao. Wanasimulia kuwa watu wa Kisimani waliunda jahazi, wakawaalika majirani wa Kua kwenye sherehe ya kulishusha majini. Katikati ya sherehe wakawachukua watoto wa Kua, wakawalaza mchangani, jahazi likapitishwa juu yao. Kua wakanyamaza. Ikapita miaka mpaka Kisimani wakasahau. Ndipo Kua nao wakaalika harusi, kwenye chumba cha chini ya nyumba. Watu wanakula, wanacheka, huku wenyeji wanatoka mmoja mmoja. Akabaki mzee mmoja akiwachangamsha wageni, na nje mlango unajengwa kwa mawe. Mzee alijua, na alikubali kufia humo.

Hiyo ni simulizi, hakuna hati ya kuithibitisha. Lakini fikiria kwa nini watu wameitunza. Inawakumbusha kwamba miji miwili yenye dini moja, lugha moja na bahari moja inaweza kumalizana yenyewe kabla adui hajaja.

Na adui alikuja. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava kutoka Madagaska walivamia kwa mitumbwi, wakaua, wakabeba watu utumwani. Kua haikuinuka tena.

Chole: mji wa wakubwa

Baada ya hapo jina likahamia Chole, kisiwa kidogo jirani. Mabwana wa Kiarabu waliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar walijenga nyumba zao hapo, huku mashamba ya minazi ya kisiwa kikubwa yakilimwa na watumwa kutoka bara. Hii huwa haiandikwi kwenye vipeperushi vya hoteli. Ile minazi mizuri unayopigia picha ina historia ya jasho la watu ambao hakuna aliyeandika majina yao.

Mwaka 1890 Uingereza na Ujerumani wakagawana. Zanzibar ikaenda kwa Mwingereza, Mafia ikaenda kwa Mjerumani, na Sultani akalipwa fidia. Ndiyo maana leo Mafia iko Mkoa wa Pwani na sio Zanzibar! Mjerumani naye alianzia Chole, baadaye akahamishia makao Kilindoni. Januari 1915 Waingereza wakaiteka Mafia, na ndege zao zikaruka kutoka hapo kusaidia kuimaliza meli ya kivita ya Königsberg iliyojificha Rufiji. Ilikwisha tarehe 11 Julai mwaka huo.

Magofu ya Chole leo yana wenyeji wapya. Kisiwani hapo kuna popo wakubwa wala matunda, jamii ya wale wa Komoro, wananing'inia mitini mchana kutwa. Majini, tangu 1995, kuna Hifadhi ya Bahari, ya kwanza Tanzania: matumbawe, samaki wa kila rangi, na kasa wanaopanda fukwe za Juani kutaga mayai usiku.

Sasa ukienda

Kula bata, hakuna anayekukataza. Ila toa siku moja kwa ajili ya Kua na Chole. Chukua kijana wa hapo hapo akutembeze, mlipe vizuri, maana stori anazozijua hazipo kwenye simu yako. Usiandike jina lako ukutani. Kigae ulichookota kiache pale pale.

Papa potwe Oktoba ijayo atarudi. Ukuta wa Kisimani ukishaanguka baharini haurudi, na sisi ndio tutakaoulizwa na watoto wetu ulikuwaje.