Neno "Au" Katika Moto wa Victoria

Jimbo la Victoria, kusini-mashariki mwa Australia, lina misitu mikubwa ya mikaratusi, mti wenye mafuta majanini na magome yanayobanduka vipande vipande. Kiangazi kikikaza na upepo wa bara ukivuma, magome hayo huruka yakiwaka, yakaangukia mbali mbele ya moto wenyewe. Nyumba nyingi huungua kwa cheche iliyopenya upenuni, si kwa ndimi za moto.

Januari 1939 walikufa watu 71. Februari 1983 walikufa 75, katika Victoria na Australia Kusini. Waliovichunguza vifo vya 1983 walibaini kwamba si wachache waliofia njiani, wamekimbia saa za mwisho, ilhali nyumba iliyobaki na mtu wa kuzima cheche mara nyingi iliokoka. Hapo ndipo ulipopata nguvu wasia wa wazimamoto: jitayarishe, kisha ubaki uilinde nyumba, au uondoke mapema.

Sisi wapenzi wa mashairi twaujua uzito wa neno dogo. Katika wasia ule neno zito lilikuwa "au". Wenyewe waliokusudia walitaka kila nyumba ichague kabla ya msimu; wasikilizaji wengi walilipokea kama idhini ya kungoja waone.

Jumamosi tarehe 7 Februari 2009, joto la Melbourne lilifika nyuzi 46.4. Waya wa umeme ulikatika Kilmore East, nyika ikashika moto. Jioni upepo ukageuka, na ubavu mrefu wa moto ukawa ndio uso wake. Kinglake iliungua; Marysville nayo, kwa moto mwingine wa siku ileile. Tahadhari zilichelewa, na kwingine hazikufika kabisa. Watu 173 walikufa, nyumba zaidi ya 2,000 zikateketea.

Tume iliyoongozwa na Bernard Teague ilitoa ripoti yake 2010. Kati ya waliokufa, 113 walikuwa ndani ya nyumba. Wengine walijitayarisha vyema, wakafa vilevile.

Kuwalaumu waliongoja naona si insafu. Kuondoka mapema maana yake ni kuhama asubuhi, mbingu nyeupe, moshi haupo, na mifugo nyuma. Tena pengine mara kadhaa katika kiangazi kimoja, na kila mara kurudi ukakuta nyumba imesimama na majirani wanakucheka. Mara ya nne, nani atafunga mzigo?

Tume haikuufuta wasia, ila iliuwekea mpaka: kuna siku ambazo nyumba hailindiki. Tangu Septemba 2022 Australia nzima yatumia kipimo kimoja cha hatari chenye madaraja manne, na katika daraja la juu watu huambiwa waondoke, basi. Victoria imeteua pia viwanja vya michezo na kumbi kuwa makimbilio ya mwisho, kwa ajili ya watakaokuwa wamechelewa.